Marehemu Atashuka Saa Saba

SEHEMU YA KUMI NA MOJA

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji, mimi Mwalimu Feleti nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya matikiti ya Mama Siu, kando ya bahari ya Nukualofa, kipande cha tikiti mkononi, na redio iliyotundikwa kwenye nguzo ilikuwa ndiyo kwanza imetangaza, kwa ile sauti ya majonzi inayotunzwa kwa kazi hiyo, kwamba dada yangu Lesieli amefariki dunia.

Sikulia. Nilitazama saa. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

Sikulia kwa sababu saa mbili ya asubuhi hiyo hiyo marehemu alikuwa amenipigia simu kutoka kwenye meli iliyokuwa ikimleta kutoka Haapai. Alinieleza kwa dakika kumi na moja kwamba uji wa melini una madonge, kwamba nahodha anaendesha chombo kama mtu anayetafuta miwani, na kwamba niwe gatini saa saba kamili, nikiwa nimenyoa ndevu.

"Pole, Mwalimu," Mama Siu akasema, akijifuta macho kwa upindo wa nguo. "Sisi tulijua mapema. Tulikuwa tunangoja redio ithibitishe tu."

"Mlijua nini?"

"Tangu mlipopita pale mbele ya ikulu tulijua. Tukaambiana, Mwalimu ni mwanamume kwelikweli. Kafiwa na dada, na bado anawatembeza wageni."

"Nani aliwaambia, Mama Siu?"

Akanyoosha kidole. Hakuninyooshea mimi. Alimnyooshea aliyekuwa nyuma yangu.

Hapa yanipasa kueleza tabia yangu moja, ambayo sioni aibu nayo. Nikitembea na watu hutangulia, na nikishatangulia sigeuki. Niliongoza shule kwa miaka thelathini na minane kwa utaratibu huo, na hakuna mstari wangu wa wanafunzi uliowahi kupinda, au walau hakuna niliouona ukipinda.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimewaongoza jamaa zangu wa Auckland kwa saa mbili na zaidi: Fusi, mke wa mwanangu, pamoja na watoto wake wawili, Vika na Kitione. Niliwaeleza mwaka uliojengwa ukuta wa bahari, kina cha maji gatini, na idadi ya madirisha ya ikulu. Njiani watu waliinamisha vichwa. Wengine waliketi chini kabisa. Dereva mmoja alizima injini, akavua kofia. Nikajiambia moyoni kwamba nchi hii, pamoja na kasoro zake, bado inawaheshimu walimu.

Sasa nikageuka.

Kitione ana miaka ishirini na miwili na kimo cha mlango. Alikuwa amejifunga mkeka. Nao haukuwa ule mkeka mdogo nadhifu ambao mwanamume wa heshima hujifunga kiunoni anapotoka nyumbani. Ulikuwa mkeka wa msiba, mgumu, mpana, umechanika pembe zote, umeanzia kifuani na kuishia kwenye vifundo vya miguu. Ulikuwa ndio ule niliouvaa nilipomzika baba yangu, na ambao tangu siku hiyo ulikuwa umelala darini juu ya stoo. Kofia yake, ambayo hakuwahi kuivua mbele yangu tangu walipofika Jumatatu, alikuwa ameishika mkononi kwa sababu ya joto, na kichwa kilikuwa kimenyolewa mpaka kinang'aa.

"Kitione," nikasema. "Umevaa nini?"

"Mkeka, Babu."

"Nauona. Kwa nini?"

"Ulisema tuvae kama watu wa huku. Niliona mmoja mdogo, mmoja mkubwa. Nikaona mkubwa ndiyo heshima zaidi."

"Na kichwa?"

"Nilinyoa Auckland. Niliambiwa huku kuna joto."

Mama Siu hakuwa amesikia hata neno moja. Alikuwa akiwaeleza wateja wake habari yote, naye aliieleza vizuri kuliko redio. "Tazameni mkeka ulivyo mkubwa. Tazameni ulivyochakaa. Halafu kanyoa. Mtu hanyoi hivyo kwa kufiwa na mjomba. Hiyo ni ya dada wa babu, hiyo. Na Mwalimu kabakiwa na dada wangapi? Mmoja."

Hakukosea hata kidogo. Kadiri mtu alivyo mdogo mbele ya marehemu, ndivyo mkeka wake unavyokuwa mkubwa na kuchakaa. Na hakuna kiumbe duniani ambaye ukoo wangu ni mdogo mbele yake kuliko dada yangu Lesieli. Kanuni hiyo niliwahi kuiandika kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa shule. Nakumbuka niliirudia mara mbili, mara ya pili kwa herufi kubwa.

"Baba," Fusi akaninong'oneza, "sema tu mtoto kakosea nguo. Watacheka, yataisha."

"Watacheka," nikasema.

"Ndiyo, watacheka dakika tano."

"Fusi, mimi ndiye niliyewafundisha watu hawa wote namna ya kuvaa mkeka."

"Babu," Kitione akaanza, "halafu huu mkeka ulikuwa unaniwasha sana, kwa hiyo nikachukua—"

"Kijana, wakubwa wakizungumza, mdogo hufanya nini?"

"Hunyamaza, Babu."

"Basi."

Akanyamaza. Nakuomba uikumbuke sentensi hiyo ambayo sikuiruhusu imalizike, maana mimi niliisahau papo hapo.

Huenda umejiunga nasi leo, nawe unajiuliza kwa nini mzee mzima alitoka jasho kwa sababu ya kipara na mkeka. Jibu ni Vika.

Vika, dada yake Kitione, ni mwuguzi, na Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa anaolewa katika nyumba iliyo jamaa ya machifu. Bibi harusi wa ukoo wetu hawezi kuingia nyumba kama hiyo bila mkeka wa mama wa baba yetu. Ni mkeka wa vizazi vitano, laini kama kitambaa, nao una jina lake kama mtu: Mvua ya Asubuhi. Nilikuwa nimeuona mara moja tu maishani, kwa mbali, siku ya maziko ya mama. Mwenye neno juu yake ni Lesieli peke yake. Bila mkeka huo, Vika angepokelewa kwa wakwe kama mtu aliyeokotwa barabarani, na wangemkumbusha jambo hilo kila Krismasi hadi uzeeni.

Lesieli alikuwa amesema jambo moja tu. "Nitautoa nikiridhika."

Sasa alikuwa njiani kuja kuridhika, nasi tulikuwa tumemuua.

Nilimpigia simu. Ilikuwa imezimwa. Dada yangu huzima simu mara tu anapomaliza kusema yake.

Nilipoinua kichwa, nikamwona Penisimani.

Penisimani ni mzee mwenzangu wa kanisa. Kwa miaka kumi na minne tumekuwa tukiwania kiti kimoja cha mbele kushoto, kwa upendo wa Kikristo. Alikuwa amekwisha vaa nguo nyeusi. Mkeka wake ulikuwa umefungwa kwa ustadi, na uso wake ulikuwa umefungwa kwa ustadi zaidi.

"Ndugu Mwalimu," akasema, akanishika mikono yote miwili. "Usiseme kitu. Nimeshughulikia kila kitu."

"Kila kitu kipi?"

"Nilimwona kijana wako saa mbili na nusu pale kwenye ukuta wa bahari. Nikajisemea, Mwalimu ana uchungu, hataweza hata kupiga simu. Nikapiga mimi redioni. Wameshalisoma jina langu kama msimamizi wa sala."

"Ulipiga bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza nini wakati mkeka unasema?" Akasogea karibu. "Ila watu wanauliza. Alifariki saa ngapi?"

Msomaji, mtu mwongofu huwa na pumzi moja tu ya kusemea kweli. Ikimpita, ya pili huwa ghali. Niliyatazama macho ya Penisimani. Nikaona jinsi ambavyo angelisimulia kosa hili Jumapili, baada ya ibada, penye kivuli, kwa sauti ya kunihurumia.

"Sijapokea taarifa kamili," nikasema.

Haukuwa uongo. Pumzi ikapita.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo serikali yetu ingefaa kuiga. Saa tano kasorobo kwaya ilifika. Hakuna aliyeiita, lakini kwaya zetu haziitwi. Wanawake wa sokoni walitandika mikeka kwenye majani mbele ya gati. Vikaletwa viazi vikuu, magimbi, makopo ya nyama, vitambaa vya magome ya miti, na nguruwe mmoja aliyefungwa miguu, ambaye Penisimani alihakikisha kila mtu anajua ni wake. Wavuvi waliacha bei zao katikati. Pwani nzima, iliyokuwa imeamka kuuza samaki, ilikaa kitako kumlilia mwanamke aliyekuwa maili kadhaa kaskazini, akilalamikia uji.

"Baba," Fusi akasema, "imeshakuwa watu mia mbili."

"Nimehesabu."

"Shangazi anashuka saa saba. Atakanyaga wapi? Wamekaa mpaka kwenye ngazi."

"Kwanza mkeka uvuliwe," nikasema. "Bila mkeka hakuna ushahidi. Tutasema redio ilichanganya majina."

"Na Mzee Penisimani?"

"Penisimani atasema alimwona kijana mwenye mkeka. Tutamwuliza, mkeka upi?"

Fusi alinitazama kama wanawake wanavyotutazama tunapokuwa tumejiandaa vyema kufanya ujinga. Lakini ni mkwe mwenye adabu.

Nilimvuta Kitione nyuma ya soko la samaki, kati ya ukuta na lundo la nyavu. Mbele yetu kulikuwa na boti kubwa ya uvuvi ikipakia barafu. Aliyesimamia upakiaji alikuwa Maka, mwanafunzi wangu wa zamani, niliyewahi kumchapa mara mbili kwa haki na mara moja kwa makosa.

"Vua," nikamwambia Kitione.

"Babu, ngoja kwanza nikuonyeshe, maana chini yake kuna—"

"Chini yake kuna kaptura, natumaini. Vua."

Nilifungua kamba mwenyewe. Macho yangu yalikuwa barabarani, kwa hofu ya kuonwa, na mikono yangu ikausokota mkeka kwa upesi, tabaka kwa tabaka, mpaka ukawa mzigo mmoja. Niliona kwamba ulikuwa mzito kuliko nilivyoukumbuka. Nikahusisha jambo hilo na umri wangu.

"Maka," nikaita.

"Naam, Mwalimu." Akasimama wima. Ana miaka arobaini na sita.

"Chukua hii. Iweke mahali ambapo mtu hataifungua."

"Mahali gani, Mwalimu?"

"Nimesema mahali ambapo mtu hataifungua. Swali lingine?"

"Hapana, Mwalimu."

Alichukua, akaenda. Ndiyo faida ya kumfunza mtu akiwa mdogo. Haulizi.

Tuliporejea mbele, Kitione alikuwa na fulana na kaptura ya mpira, kipara kikimeta. Nilitangulia, kifua mbele kwa matumaini. Sikufika hatua ishirini.

"Mungu wangu," Mama Siu akasema, "mbona mtoto wa watu yuko uchi?"

Kila kichwa kikageuka. Mnong'ono ukapita kwenye umati kama upepo kwenye majani ya migomba.

"Bibi yake bado hajazikwa, keshavua mkeka."

"Ndiyo malezi ya Auckland hayo."

"Si Auckland. Babu yake si huyu hapa?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, msomaji, nilisikia neno malezi likitamkwa nyuma yangu na halikuwa sifa.

Mama Siu alikwisha kuinuka. Alifika na mkeka mgumu kuliko wa kwanza, mpana kuliko wa kwanza, umetoboka mahali panapopita kichwa cha mbuzi. "Ulikuwa wa marehemu mume wangu. Alikuwa mnene. Njoo, mwanangu, usilie."

"Silii, Mama. Ni vitunguu vya huyo jirani yako."

"Lia tu, mwanangu."

Akamzungushia mara mbili, akamfunga kamba ya usumba mpaka kijana akakohoa. Nilikuwa nimeingia nyuma ya soko la samaki na mjukuu aliyevaa mkeka wa msiba. Nilitoka na mjukuu aliyevaa mkeka wa msiba mkubwa zaidi. Sijui ni somo gani la hesabu linaloeleza jambo hilo.

Vika akanisogelea. "Babu, niambie ukweli. Mkeka wa harusi ndiyo basi tena?"

"Vika, mimi—"

"Maana mama mkwe kanipigia. Kauliza kama harusi inaahirishwa kwa msiba, au inaahirishwa kwa kukosa mkeka. Anataka kujua apange vipi maneno."

Na hapo honi ya meli ikalia.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tatu. Meli ilizunguka mwisho wa mwamba, nyeupe, imeinama kidogo kushoto kama kawaida yake, na juu yake watu walikuwa wakiimba wimbo wa maziko. Wote. Abiria, wapishi, hata mwenye kamba. Niliutambua wimbo huo, nikatambua jambo la pili: melini kuna redio.

Kwaya yetu iliposikia, ikaitikia sauti ya pili. Ulikuwa uimbaji mzuri. Wanawake walilia upya. Penisimani alisimama, akatoa karatasi mfukoni, akatangulia mpaka ngazini kuupokea mwili.

Abiria walishuka wawili wawili, wameinamisha vichwa. Mabaharia wanne wakafuata, wamebeba kiti cha nahodha. Kwenye kiti hicho, kanzu nyeusi, mwavuli mweusi, mkoba juu ya magoti, alikuwa amekaa marehemu.

Wimbo ukafa ubeti wa tatu. Mama Siu alikaa chini bila kutazama anakalia nini. Ilikuwa ni tikiti.

Kiti kikatuliwa. Dada yangu akafunga mwavuli, akatazama watu, akatazama vyakula, akanitazama.

"Hujanyoa," akasema.

"Dada, naomba nieleze—"

"Kafa nani?"

Watu mia mbili wakanitazama mimi.

"Ni wewe, Dada," nikasema.

"Najua. Nimesikia saa nne na robo, kikombe cha chai mkononi. Nilitaka tu nione kama utasema mwenyewe." Akamgeukia Penisimani. "Wewe ndiye msimamizi wa sala?"

"Mama, ni furaha kubwa kukuona ukiwa—"

"Nani kaiambia redio kwamba nina miaka themanini na moja?"

"Nilikadiria, Mama."

"Nina sabini na sita. Na hiyo karatasi?"

"Ni wasifu tu, Mama. Haina haja tena."

"Watu wamekuja kusikia wasifu, utawarudisha bure? Soma."

Penisimani alinitazama kuomba msaada. Nilitazama boti. Akasoma.

"Marehemu Lesieli alikuwa mwanamke mpole."

"Lini?"

"Samahani, Mama?"

"Nilikuwa mpole lini? Kuna mtu hapa ananijua mpole? Ainue mkono."

Hakuna mkono ulioinuka. Baharia mmoja alirudi nyuma hatua moja.

"Futa. Endelea."

"Hakuwahi kumsema mtu vibaya."

"Futa."

"Alimpenda mdogo wake Feleti, akamwachia uamuzi wa mambo ya ukoo."

Dada yangu akacheka. Ni kicheko kifupi. Watu wa Haapai wanakijua, huondoa kuku njiani. "Nani kaandika hayo, wewe au yeye? Keti, Penisimani, umefanya kazi nzuri. Huyu nguruwe wa nani?"

"Wangu, Mama," Penisimani akasema, akifufuka kidogo.

"Mdogo."

Akakaa tena.

Dada yangu alipita kwenye mikeka, akakagua. Aliyeleta viazi vikuu vya mwaka jana aliambiwa. Aliyeleta kopo moja la nyama aliulizwa kama nyumbani wazima. Aliyelia vizuri alisifiwa. Hatimaye akasimama mbele ya Kitione, ambaye ndani ya mkeka wa marehemu mume wa Mama Siu alionekana kama nyumba inayohamishwa.

"Na huyu ndiye aliyeniua?"

"Ndiyo, Bibi," Kitione akasema. "Mimi ni Kitione. Naomba unisamehe. Sikujua maana ya mkeka."

"Kwa nini uliuchagua?"

Nilitaka kujibu mimi. Aliinua kidole kimoja bila kunitazama, nikafunga mdomo. Kijana akaachiwa aseme, naye akasema.

"Babu alituambia tuvae kwa heshima kwa sababu leo unakuja. Nikaona mkubwa ndiyo utaonyesha heshima zaidi. Uliniwasha tangu alfajiri, lakini sikuuvua. Nilijua unakuja."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo dada yangu aliweka mkoba chini. Kisha akaweka mkono juu ya kile kipara.

"Miaka sabini na sita," akasema taratibu, "sijaona mtu wa ukoo huu akiwashwa kwa ajili yangu nikiwa hai. Wote wananingoja nife ndipo wavae. Huyu kavaa mapema." Akageuka, sauti ikapanda ili wote wasikie. "Nimeridhika. Vika, njoo hapa. Mvua ya Asubuhi ni yako. Mwambie huyo mama mkwe apange maneno yake upya."

Vika akapiga magoti, akalia kilio cha kweli, cha kwanza siku hiyo. Kwaya, isiyoweza kuvumilia ukimya, ikaanzisha wimbo wa harusi. Nguruwe akafunguliwa mguu mmoja. Nami nilihisi mgongo wangu ukinyooka kama zamani. Miaka yote hii ya utaratibu haikwenda bure, nikajiambia. Mjukuu wangu, malezi yangu.

"Fusi," nikaagiza, "waambie mabaharia walete sanduku la Shangazi yako. Tuufungue mkeka hapa hapa, mbele ya watu wote. Penisimani, sogea mbele, uone vizuri."

"Sanduku la nini?" dada yangu akauliza. "Mle mna nguo zangu na viazi vikuu."

"Mkeka je, Dada?"

"Mkeka uko kwako."

"Kwangu wapi?"

"Chini ya godoro lako, Feleti. Tuliutandaza mimi na marehemu mkeo siku tuliyomzika mama, ukae umenyooka. Umeulalia miaka ishirini na miwili. Nilitaka kujua kama nyumba yako inatunza hata isichokijua." Akatabasamu, jambo ambalo huwa halimfai. "Nasikia mkeo alikuwa akiuanika kila mwaka ukiwa shuleni. Wewe huwa hutazami chini, wala nyuma."

Watu wakacheka. Nikacheka nami, kwa kiasi kinachostahili.

Kitione hakucheka. Alinigusa kiwiko.

"Babu," akasema. "Naomba sasa nimalize ile sentensi."

"Sentensi gani?"

"Ile ya asubuhi. Na ile ya nyuma ya soko." Uso wake ulikuwa wa rangi ya magimbi yaliyochemshwa. "Mkeka mgumu ulikuwa unaniwasha. Kwa hiyo nikatafuta kitu laini cha kuvaa ndani yake. Nikatandua kitanda chako, nikainua na godoro, ulipokwenda kumalizia kunyoa..."

"Sikunyoa."

"Ulipokuwa unatafuta wembe, basi. Kulikuwa na mmoja mwembamba, laini kama kitambaa, una manyoya mekundu pembeni. Ndio niliouvaa ndani, Babu. Ulipoifungua mikeka uliisokota yote miwili pamoja."

Nikatazama soko la samaki. Maka alikuwa ukingoni mwa gati, akikung'uta barafu mikononi, na alipoona namtazama alisimama wima.

"Maka," nikaita, na sauti haikuwa yangu. "Ule mzigo uko wapi?"

"Pale ulipoagiza, Mwalimu. Mahali ambapo mtu hataufungua." Alijaa fahari. "Kwenye sanduku la chambo, chini kabisa, nikamwagia barafu juu. Halifunguliwi mpaka wafike maji makuu. Wiki ya pili hivi."

Nyuma yake palipokuwa na boti kubwa ya uvuvi palikuwa na maji matupu. Boti yenyewe ilikuwa imeshaipita nguzo ya mwisho, pua imeelekezwa kwenye mlango wa mwamba, ikipiga honi kuaga.

Kitione hakungoja ruhusa. Akaanza kukimbia kandokando ya gati, mkeka wa marehemu ukipigapiga kama mabati kwenye upepo, na waombolezaji, ambao mimi mwenyewe niliwafundisha kumfuata daima mwenye mkeka mkubwa kuliko wote, wakainuka mia mbili kwa pamoja, wakakimbia nyuma yake wakiimba.

Nikabaki mimi, nguruwe, na dada yangu kwenye kiti cha nahodha. Alifungua mwavuli polepole, akauweka begani, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Feleti," akasema, "mbona umepauka hivyo? Kafa nani tena?"